Bath: maji ya moto pasipo volkano, na mji uliojua kuyauza

Kazi yangu ni jotoardhi, yaani maji na mvuke vinavyotoka chini vikiwa na moto. Kwa mtu wa Afrika Mashariki jambo hili halishangazi sana. Bonde la Ufa limeipasua ardhi, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, haiko mbali, na ukisimama kando ya Ziwa Bogoria unayaona maji yakitokota na kuruka bila kujiuliza maswali mengi. Kwa hiyo nikitaka kuwaamsha wanafunzi naliweka Bonde la Ufa kando na kuwapeleka Bath, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Uingereza, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa treni kutoka London. Uingereza haina volkano hai. Haina hata iliyolala usingizi mwepesi. Lakini katikati ya mji huo, hatua chache kutoka kwenye maduka ya nguo na migahawa, ardhi inatoa zaidi ya lita milioni moja za maji kila siku, yenye joto la nyuzi 46, na ilikuwa ikifanya hivyo kabla Warumi hawajafika.

Maswali ninayoulizwa kila mara ni mawili. Moto unatoka wapi? Na je, maji yale yanaponya kweli? La kwanza lina jibu safi. La pili ndilo lililoujenga mji.

Moto wa Bath ni moto wa kina tu. Popote duniani ukishuka chini joto linaongezeka, na kwa Uingereza ni nyuzi 25 au zaidi kidogo kwa kila kilomita. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mvua inanyesha kwenye vilima vya Mendip, kusini-magharibi mwa mji, ambako mawe ya chokaa ya zamani sana yamejitokeza juu. Mawe hayo yamejaa nyufa. Maji yanazama, yanafuata tabaka la chokaa linavyoinama chini ya miamba mingine, hadi kina kinachokadiriwa kuwa kati ya mita 2,700 na 4,300. Huko yanapata joto la kutosha kuivisha yai. Vilima vya Mendip vinafika mita 300 hivi juu ya bahari, na Bath iko chini, kwenye bonde la Mto Avon; basi uzito wa maji yaliyo nyuma unayasukuma yaliyo mbele, na yakikuta mpasuko chini ya Bath yanapanda kwa kasi, kabla hayajapoa sana. Safari nzima inachukua maelfu ya miaka. Mtalii anayeonja glasi ya maji hayo leo huenda anakunywa mvua iliyonyesha kabla ya piramidi za Misri.

Chemchemi ziko tatu, zote karibu karibu, na kubwa inaitwa ya Mfalme. Ukisimama juu yake utaona mapovu yanapanda, na kila mgeni anadhani maji yanachemka. Hayachemki. Mapovu yale kwa sehemu kubwa ni naitrojeni. Ile rangi ya kijani kwenye hodhi kubwa, ambayo wapiga picha wanaipenda sana, nayo si ya maji: ni mwani unaoota kwa sababu jua linapiga humo. Warumi waliezeka paa juu ya hodhi lao, na maji yao hayakuwa ya kijani. Rangi ya kutu kwenye mawe ndiyo hasa ya maji yenyewe, kwa sababu yana chuma. Ukiyapima maabara utakuta zaidi kalisi na salfeti, halafu sodiamu na kloridi. Nimeyanywa. Ni ya vuguvugu, yana ladha ya chuma, na glasi moja inatosha.

Siwezi kupita hapa bila kumtaja William Smith, mtoto wa mhunzi wa Oxfordshire aliyezaliwa mwaka 1769. Aliingia Somerset mwaka 1791 kupima ardhi yenye makaa ya mawe, kisha akaajiriwa kwenye mfereji wa kusafirishia makaa hayo. Kuta za mfereji zilipokuwa zikichimbwa yeye alizitazama, akagundua kwamba matabaka ya mwamba yanafuatana kwa mpangilio uleule kila mahali, na kila tabaka lina visukuku vyake, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, na kwa hivyo ndivyo linavyotambulika. Mwaka 1799, ndani ya nyumba moja ya mtaa wa Great Pulteney mjini Bath, aliwatajia marafiki wawili orodha ya matabaka hayo kutoka juu hadi kwenye makaa, mmoja wao akaandika. Sisi wanajiolojia wote tumetoka katika orodha ile. Mwaka 1815 alichapisha ramani ya miamba ya Uingereza aliyoipima mwenyewe kwa miguu na kwa magari ya farasi. Mwaka 1819 alifungwa London kwa sababu ya madeni. Ndivyo taaluma yetu ilivyoanza, na kuna siku za bajeti ambapo naona haijaenda mbali.

Mwaka 1810 maji ya chemchemi ya Bath yalipungua ghafla, mji ukashikwa na hofu, Smith akaitwa. Alichimba hadi kwenye mdomo wa chemchemi, akakuta maji hayajakauka bali yamejipatia njia nyingine ya kupita, akaiziba, yakarudi. Miaka hiyohiyo kulikuwa na watu wakizamisha shimo la kutafuta makaa ya mawe huko Batheaston, kilomita chache tu kutoka mjini, wakaingiliwa na maji ya uvuguvugu. Kwa mara ya kwanza wenyeji walielewa kwamba mtu anaweza kutoboa ardhi mbali na mji na kuunyang'anya mji riziki yake. Nitalirudia hili.

Sasa Warumi. Walivamia kisiwa mwaka 43 baada ya Kristo, na kwenye miaka ya 60 na 70 walikuwa wanajenga Bath. Walikuta wenyeji wanamwabudu pale mungu wa kike aitwaye Sulis. Hawakumfukuza. Walimwunganisha na Minerva wao, wakamwita Sulis Minerva, na mahali wakapaita Aquae Sulis, maji ya Sulis. Hiyo ni siasa ya hali ya juu. Kilichonivutia mimi zaidi ni uhandisi: chemchemi ilikuwa tope linalobubujika, nao wakapigilia nguzo za mwaloni kuizunguka, wakajenga ukuta, wakautandika kwa shuka za madini ya risasi, maji yakapanda humo yakiwa yametulia na mchanga umebaki chini. Hodhi kubwa lina kina cha mita 1.6 na sakafu yake imetandikwa shuka 45 za risasi. Risasi haikuwa mbali, kwani Warumi waliichimba Mendip kulekule yanakotoka maji. Mfereji wao wa kutolea maji kwenda Mto Avon bado unafanya kazi. Sio kwamba umehifadhiwa kama kumbukumbu. Unatumika, leo hii.

Chini ya chemchemi zimeokotwa sarafu zaidi ya 12,000, na vipande vya risasi na bati vipatavyo 130 vilivyoandikwa maombi. Nyingi ni laana. Mtu ameibiwa joho, bakuli, pesa kidogo. Anaandika kwa mungu wa kike, anakunja kipande, anakitupa majini. Mmoja aitwaye Docimedis alipoteza glavu zake mbili, akaomba aliyezichukua apoteze akili na macho ndani ya hekalu lake. Wengine wanataja kabisa mwizi awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au mtu huru, asiwepo wa kuponyoka kwa kasoro ya maneno. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi: hiyo ni halbadiri iliyosomwa kwa Kilatini. Na kama ilivyo kwetu, wanaolalamika si matajiri. Ni watu ambao glavu mbili zikipotea ni hasara.

Dola ya Kirumi ilipoondoka mwanzoni mwa karne ya 5, paa zilianguka, matope yakajaa, hamamu ikazikwa. Mji haukufa. Edgar alitawazwa kuwa mfalme wa Waingereza hapo mwaka 973, wamonaki wakajenga hodhi jipya juu ya magofu, na mwaka 1590 Malkia Elizabeth wa Kwanza akaupa mji hati ya kuzimiliki na kuzitunza chemchemi. Halmashauri ya mji ndiyo mdhamini wake mpaka sasa.

Watu walioga uchi au nusu uchi, wanaume kwa wanawake, wagonjwa wa ngozi kando ya maharusi. Samuel Pepys, afisa wa jeshi la majini, alifika mwaka 1668 na kuandika kwamba haiwezi kuwa safi miili mingi hivyo kuingia katika maji yaleyale. Alikuwa na haki. Lakini mwaka 1687 aliyeingia ni Malkia Mary wa Modena, mke wa Mfalme James wa Pili, aliyekuwa akitafuta mtoto. Juni 1688 akajifungua mvulana. Mfalme alikuwa Mkatoliki, na sasa alikuwa na mrithi Mkatoliki. Wakubwa wa nchi wakashindwa kuvumilia, wakamwita William wa Orange kutoka Uholanzi, na kabla mwaka haujaisha James alikuwa amekimbilia Ufaransa. Sisemi maji yalileta mapinduzi. Lakini mjini Bath walijenga mnara wa marumaru katikati ya hodhi kushukuru mimba ile, na matangazo ya biashara hayawi makubwa kuliko hayo.

Ziara za Malkia Anne za mwaka 1702 na 1703 ndizo zilizoifungulia Bath milango ya pesa. Mji ulikuwa na watu elfu mbili au tatu. Kufikia sensa ya 1801 ulikuwa na kama 33,000, miongoni mwa miji mikubwa ya Uingereza. Katika miaka hiyo mia maji hayakubadilika hata kwa nyuzi moja. Walioubadilisha mji ni watu watatu walioelewa kwamba mgonjwa anaoga saa moja tu, na siku ina saa nyingi za kutumia pesa.

Wa kwanza ni Richard Nash, kijana wa Swansea aliyeishi kwa kamari, aliyefika mnamo 1705. Mshereheshaji wa mji aliuawa katika pambano la upanga, Nash akachukua nafasi. Leo tungemwita MC, ila huyu alikuwa MC wa mji mzima kwa zaidi ya miaka hamsini. Alipiga marufuku kubeba panga. Alikataza mabuti ukumbini. Ngoma zilikoma saa tano kamili usiku, na binti wa mfalme, Amelia, alipoomba wimbo mmoja zaidi alikataliwa. Waliobeba wageni kwa machela walipangiwa nauli. Mgeni wa maana akiingia mjini kengele za kanisa kuu zilipigwa, halafu mpiga kengele akaja mlangoni kudai chake. Kila kitu kililipiwa mchango: ukumbi, bustani, magazeti, muziki. Asubuhi saa kumi na mbili unabebwa kutoka kitandani ndani ya machela hadi majini, umevaa vazi gumu la turubai la manjano linalovimba ili umbo lisionekane. Mbele yako kinaelea kisinia chenye leso na kikopo cha ugoro. Ukitoka unakunywa glasi tatu za maji, muziki ukipigwa. Kisha kifungua kinywa, kanisani, matembezi, karata, dansi.

Nash hakulipwa mshahara wa maana. Alikula kwenye kamari, na sheria za 1739 na 1745 za kubana kamari zilimkausha. Aliishia kulishwa na halmashauri kwa gini kumi, sarafu za dhahabu, kwa mwezi, akafa mwaka 1761, akazikwa kwa fahari ambayo ingemlisha miaka kadhaa.

Wa pili ni Ralph Allen, karani wa posta kutoka Cornwall aliyetajirika kwa kupanga upya njia za barua zisizopitia London, kisha akanunua machimbo ya mawe ya Combe Down juu ya mji. Jiwe la Bath ni chokaa ya enzi ya Jurasiki, ile enzi ya mijusi wakubwa wa Tendaguru kule Lindi, ingawa la Bath ni la zamani kidogo zaidi. Likitoka chini ni laini, linakatwa kwa msumeno. Likikaa hewani linakuwa gumu, na rangi yake ni ya asali. Allen aliteremsha mawe kwa reli ya mbao hadi mtoni tangu miaka ya 1730, karibu miaka mia kabla ya treni.

Wa tatu ni John Wood, msanifu majengo, na kwangu huyu ndiye aliyekuwa na akili ya biashara kuliko wote. Hakuwa na pesa za kujenga. Alichukua ardhi kwa mkataba mrefu kutoka kwa mwenye shamba, akachora uso wa mtaa mzima kana kwamba ni jumba moja la kifalme, kisha akapangisha kiwanja kimoja kimoja kwa wajenzi wadogo kwa sharti moja: mbele mtafuata mchoro wangu, nyuma fanyeni mtakavyo. Queen Square ilianza 1728. Mwaka 1754 akaanza ile duara ya nyumba 33 iitwayo Circus, akafa mwaka huohuo, mwanawe wa jina hilohilo akaimaliza. Mwana naye akajenga Royal Crescent, kati ya 1767 na 1775: nyumba 30 katika mwezi mchanga mmoja, nguzo 114, mbele uwanja wa majani. Kila mtu anapiga picha mbele. Mimi nawashauri wazunguke nyuma. Huko kila nyumba ina urefu wake, madirisha yake, bomba lake, vibanda vilivyoongezwa kila mmoja kwa kadiri ya mfuko wake. Ule ndio mji wenyewe ulivyo.

Na pesa za kununulia nyumba hizo zilitoka wapi? Bristol iko jirani, kilomita chini ya 20, na ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Mmoja wa waliompa Wood kazi ya mwanzo mjini Bath alikuwa Duke wa Chandos, mwekezaji katika kampuni ya kifalme iliyosafirisha Waafrika kwenda ng'ambo. William Beckford, aliyejijengea mnara juu ya kilima cha Lansdown mwaka 1827, alirithi mali ya mashamba ya miwa ya Jamaika. Familia zenye mashamba Karibi zilikuja kuoga, kucheza karata na kuoza mabinti. Muda mrefu maelezo ya watalii yaliishia kwenye uzuri wa nguzo. Siku hizi majumba ya makumbusho ya mji yameanza kulisema jambo hili waziwazi, na ni haki yake.

Turudi kwenye swali la pili. Maji yanaponya? Mwaka 1742 ilifunguliwa hospitali ya maji ya madini kwa ajili ya maskini, na ina mambo mawili yanayonifanya niiheshimu. Kwanza iliandika kumbukumbu. Pili, ilipokea wagonjwa wa kutoka nje tu, wakazi wa Bath walikuwa na haki ya kuoga tayari. Mgonjwa aliweka dhamana ya nauli ya kurudi kwao, au ya kuzikwa, na alivaa beji ya shaba ili wenye vilabu wasimuuzie pombe. Waliokuwa na jongo, baridi yabisi na magonjwa ya ngozi walipata nafuu ya kupitapita. Lakini kundi moja lilipona kweli: waliopooza mikono na miguu kwa sumu ya risasi. Karne ya 18 risasi ilikuwa kila mahali, kwenye rangi, kwenye vyombo, kwenye mvinyo na pombe ya tufaha.

Miaka ya 1980 watafiti wa Bristol walilichunguza upya jambo hilo, na jibu lake ni zuri mno. Mtu akikaa majini hadi shingoni, mgandamizo wa maji unasukuma damu kutoka miguuni kwenda kifuani. Mwili unadhani umejaa maji, figo zinaanza kukojoza kwa wingi, na risasi inatoka pamoja na mkojo. Ongeza glasi za maji unazonyweshwa, ondoa pombe yenye risasi kwa miezi kadhaa, na yule aliyeletwa amebebwa anaweza kuondoka akitembea. Madini hayahusiki sana. Bwawa lolote lenye uvuguvugu na kina cha kutosha lingefanya kazi hiyo, ila katika Uingereza ya wakati ule ni nani mwingine angepasha lita milioni moja kwa siku bure?

Mwanzoni mwa karne ya 19 wenye pesa walihamia pwani. Madaktari walianza kusifia maji ya bahari, mrithi wa ufalme akapenda Brighton, na Bath ikawa mji wa majenerali wastaafu na wajane. Treni ya mhandisi Brunel ilifika mwaka 1840 na mwaka uliofuata London ikaunganishwa, lakini treni huleta watu na huwapeleka mbele pia. Hamamu ya Kirumi ilifukuliwa miaka ya 1870 na 1880 na mhandisi wa mji aliyekuwa akitafuta maji yanakovuja. Yale masanamu ya wafalme wa Kirumi juu ya hodhi ni ya 1894. Kila kilicho juu ya usawa wa kiuno pale ni cha enzi ya Malkia Victoria.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna siku moja ya Bath isiyopaswa kupita kimya. Septemba 16, 1864, katika mkutano wa wanasayansi wa Uingereza uliofanyika mjini humo, Richard Burton na John Hanning Speke walipangiwa kujadiliana juu ya chanzo cha Mto Nile. Walikuwa wametoka Zanzibar pamoja mwaka 1857, wakafika Ujiji, kisha Speke akaenda kaskazini kutoka Kazeh, Tabora ya leo, akaiona Nyanza, yaani Ziwa Victoria, karibu na Mwanza Agosti 1858. Alisema Nile inatoka pale, Burton akakataa. Siku moja kabla ya mjadala Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwinda ndege kwenye shamba la ndugu zake huko Neston, nje ya Bath. Uchunguzi ulisema ni ajali. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India na ambaye ndiye aliyekuwa naye Nyanza, hakuwamo ukumbini, ingawa alikuwa na mengi ya kusema kuhusu safari ile kuliko wengi waliokaa pale. Miaka sabini baadaye mji ulimpokea mgeni mwingine wa kwetu: Haile Selassie aliishi uhamishoni Fairfield House kuanzia 1936 hadi 1940, na mwaka 1958 akaikabidhi nyumba hiyo kwa mji kwa ajili ya wazee.

Aprili 1942 ndege za Kijerumani ziliua watu zaidi ya 400 kwa mabomu ya usiku mbili. Miaka ya 1960 halmashauri ikabomoa yenyewe nyumba nyingi za mafundi na wafanyakazi wa karne ya 18, kwa kuwa hazikuwa na nguzo za kupigia picha.

Pigo lililomgusa mtu wa fani yangu lilikuja mwaka 1978. Msichana aliyeogelea katika bwawa lililojazwa maji ya chemchemi alikufa kwa homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri. Mdudu huyu anapenda maji ya uvuguvugu, anaingia puani, anapanda hadi kwenye ubongo. Kuyanywa hakuna shida, shida ni pua, na hilo liwe onyo kwa wanaopiga mbizi kwenye maji moto popote pale. Mabwawa yote yalifungwa. Ilionekana kwamba maji yanayotoka kina kirefu ni safi, yanachafuka yanapopita kwenye udongo na mashapo ya karne nyingi chini ya mji. Dawa ilikuwa kuchimba visima vyembamba vya mshazari kuyakamata chini, kabla hayajafika kwenye uchafu.

Hata hivyo mji wa maji moto ulikaa karibu miaka 28 bila mtu kuogelea ndani yake. Jengo jipya lilitakiwa kuwa tayari 2002. Mwaka 2003 walifanya tamasha kubwa la waimbaji wa opera kusherehekea ufunguzi ambao haukuwapo, rangi ya mabwawa ikabanduka, mawakili wakaingia, na gharama iliyokisiwa pauni milioni 13 ikafika kama milioni 45. Lilifunguliwa Agosti 2006. Bwawa lililo juu ya paa ni zuri, nakiri, hasa jioni ya baridi, mvua ikikunyeshea kichwani na mwili ukiwa motoni.

UNESCO iliuweka mji wote kwenye urithi wa dunia mwaka 1987, na mwaka 2021 ikauongeza tena, safari hii pamoja na miji mingine kumi ya maji ya tiba ya Ulaya. Karatasi ninayoithamini zaidi kuliko hizo ni sheria ya mwaka 1982 inayomtaka mtu apate kibali kabla ya kuchimba zaidi ya kina fulani ndani na kuzunguka Bath, kina kinachotofautiana kadiri unavyozisogelea chemchemi. Anayejenga maegesho ya chini ya ardhi, anayetafuta gesi, anayetaka kisima cha kupashia nyumba yake, wote wanapita mlango huo. Hofu ya Batheaston ilichukua zaidi ya miaka 170 kuwa kifungu cha sheria.

Kuhusu joto lenyewe, hesabu ni rahisi. Chemchemi ya Mfalme inatoa kama lita 13 na nusu kwa sekunde. Ukiyapoza maji hayo kwa nyuzi 30 unapata takriban megawati 1.7 za joto. Umeme hapo hakuna, nyuzi 46 ni chache mno, na mbele ya mamia ya megawati za Olkaria hicho ni kitu kidogo. Lakini kwa kupasha jengo kinatosha. Tangu 2021 kanisa kuu la Bath linapata joto la sakafu yake kutoka kwenye mitambo iliyozamishwa ndani ya ule mfereji wa Warumi, inayonyonya joto la maji yaliyokuwa yakienda mtoni bure. Mashamba ya maua ya Naivasha yalikuwa yameshaanza kupasha vitalu vyao kwa jotoardhi kabla ya hapo.

Mkienda, tiketi ya hamamu ya Kirumi ni ghali na foleni ya Julai ni ndefu. Nendeni Februari, asubuhi, mvuke unaonekana vizuri zaidi. Msitie mikono majini kwenye hodhi kubwa. Halijasafishwa.